Mgogoro uko wapi?

Wiki tatu zilizopita nilituma andiko la kurasa nne kwa kampuni moja ya nje inayotoa fedha za kutengeneza filamu za dokumentari. Jina lake tuliache. Andiko lilimhusu bibi yangu mzaa mama, aliyeimba taarab kwenye maharusi ya Tanga kwa zaidi ya miaka ishirini, akaacha aliporudi Makka, na ambaye leo, na miaka yake themanini na ushei, bado ndiye anayefuatwa akina mama wa mtaani wakiwa na maulidi. Sauti ni ile ile. Imepungua pumzi kidogo, basi.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. La kistaarabu, lina shukrani mwanzo na shukrani mwisho, na katikati lina swali moja: mgogoro uko wapi? Walitaka kujua nani alimkataza. Mume? Shehe? Watoto wa kiume? Wakauliza pia kama ingewezekana, mwisho wa filamu, bibi aimbe tena wimbo mmoja wa zamani, ikibidi mbele ya hao hao wasiotaka aimbe.

Nilicheka. Kisha nikakasirika. Kisha, kwa kuwa mimi ni mwandishi wa kujitegemea na mwenye nyumba wangu hapa Sinza hapokei hasira badala ya kodi, nikaanza kuutafuta huo mgogoro.

Ndivyo nilivyojikuta jioni nne mfululizo nikiangalia upya dokumentari za wanamuziki na dini. Ninazo nyingi kwenye laptopu, ni ugonjwa wangu wa tangu chuo. Na ninachotaka kusema leo ni hiki: nyingi ya filamu hizi, hata zilizo nzuri, zinaanza zikiwa zimeshaamua kwamba dini iko upande huu na muziki upande ule, na ushujaa wa mwanamuziki ni kuruka uzio uliopo katikati. Halafu unamsikiliza mwanamuziki mwenyewe unagundua kwamba uzio huo yeye hauoni pale ulipochorwa. Kama anauona, kauona mahali pengine kabisa, na mara nyingi ameujenga mwenyewe.

Nilianza na Youssou N'Dour. Filamu inaitwa I Bring What I Love, ya mwaka 2008, mwongozaji ni Elizabeth Chai Vasarhelyi, mama yule yule ambaye baadaye alishiriki kutwaa Oscar kwa Free Solo, ile ya jamaa anayepanda jabali bila kamba. Kama hujaiona itafute. Nitailaumu hapa chini lakini naipenda.

Youssou ni mtoto wa Medina, Dakar, kazaliwa 1959. Upande wa mama yake ni ukoo wa magrioti, watu ambao kazi yao ya kurithi ni kusifu na kutunza nasaba za wenzao kwa mdomo, kwa hiyo kuimba hakukuokota barabarani. Dunia ilimjua kwa mbalax, muziki wa ngoma za sabar na magitaa ambao hata aliyekuja kuketi husimama. Mwaka 2004 akatoa albamu iitwayo Egypt. Humo hukuti cha kumfanya mtu atoke jasho. Kuna okestra ya Cairo chini ya Fathy Salama, kuna vyombo vya Senegal vinavyoingia taratibu, na kuna Youssou akiwasifu masheikh wa twarika za kwao, wa kwanza wao Cheikh Amadou Bamba, mwanzilishi wa twarika ya Muridi, ambaye Wafaransa walimpeleka uhamishoni Gabon mwaka 1895 kwa kuogopa wafuasi wake. Kazi yenyewe ilikuwa imeanza miaka kadhaa nyuma. Yalipotokea ya Septemba 11, 2001, Youssou akaiweka kando, hakutaka ionekane ni biashara ya msimu. Huyu ni mtu ambaye mwaka 2003 alifuta ziara yake ya Marekani kwa sababu ya vita vya Iraq, kwa hiyo usidhani alikuwa anatania.

Nyumbani albamu ikapokewa vibaya. Ilitoka karibu na Ramadhani, na wapo waliosema mwimbaji wa kumbi za starehe hana ruhusa ya kuyatia majina ya mawalii kwenye kaseti za kuuza. Wauzaji wakarudisha kaseti. Filamu inaonyesha haya vizuri, na uso wa Youssou katika sehemu hizo unatosha, hauhitaji maelezo. Kisha Februari 2005 akashinda Grammy. Ghafla Senegal nzima ikawa na furaha, aliyekuwa mkosaji akawa fahari ya taifa, na filamu inapanda juu kwa shangwe kama mechi iliyoshinda dakika za majeruhi.

Mara ya kwanza nilipoiona nilishangilia pia. Safari hii nilikaa na uchungu. Hebu fikiria: mtu wa Dakar, mfuasi wa twarika, anamsifu shehe wake kwa lugha ya kwao, na watu wa kwao wanakunja nyuso mpaka pale Wamarekani, ambao wengi wao hawakuelewa neno hata moja, wanapompa kisanamu cha gramafoni. Hapo ndipo anaruhusiwa. Filamu inauona huo ni ushindi. Mimi naona ni jambo la kumliza mtu, na nashangaa kamera haikukaa hapo hata dakika mbili zaidi.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Ukisoma maelezo ya filamu hii yaliyoandikwa na watu wa nje utakuta sentensi ya aina moja: mwanamuziki aliyethubutu kuimba dhidi ya misimamo ya Uislamu. Lakini Senegal ni nchi ambayo sifa za masheikh zinaimbwa usiku kucha! Wamuridi wakienda Touba kwenye Magal kila mwaka, mamilioni ya watu, wanaimba kasida alizotunga Bamba mwenyewe. Hakuna aliyekuwa akibishana kama mtu aruhusiwe kuimba. Walibishana nani aimbe, mwezi gani, kwa vyombo gani, na fedha ziende wapi. Ni ugomvi wa watu wa nyumba moja, na kila mmoja wao anataka lile lile, yaani jina la shehe lisichafuke. Akiwemo Youssou. Yeye alisema, kwa albamu nzima, kwamba huu ndio Uislamu wake na hataki mwingine ausemee. Ukimgeuza kuwa mtu anayepigana na dini yake umemnyang'anya kile kile alichokuja kukileta.

Msomaji wa pwani hili hahitaji kufundishwa. Kwetu watu wanagombana kuhusu dufu. Kuna maulidi ya Barzanji yanayosomwa bila chochote, kuna ya dufu, kule Unguja kuna Maulidi ya Homu ambapo watu hupiga magoti kwenye safu na kuyumba pamoja kama mawimbi, na kuna ndugu wanaosema yote hayo ni bidaa. Mjomba wangu, mtoto wa kwanza wa bibi huyo huyo, ni wa kundi la mwisho. Haamini maulidi kabisa. Kila mwaka ananunua mchele na mbuzi wa maulidi ya mama yake, anavileta mwenyewe na pikapu, anamsalimia, halafu siku yenyewe anasafiri kwenda Muheza kuangalia michungwa yake. Hajawahi kukosa kununua, na hajawahi kuhudhuria. Najua wale wa kampuni wangempenda sana mjomba. Wangempiga picha kutoka chini kwenda juu, ndevu zikitangulia, na muziki mzito nyuma. Mchele usingeonekana.

Kabla sijaenda mbali, neno kidogo kuhusu Cairo. Youssou amesema baba yake alikuwa akimsikiliza Umm Kulthum, na ndiyo maana akaenda kutafuta ile sauti ya nyuzi. Sisi tulienda mapema zaidi. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohammed Ibrahim huko huko Cairo akajifunze kupiga kanuni, na humo ndimo taarab yetu inakoanzia kuhesabiwa. Na Umm Kulthum mwenyewe, ambaye Michal Goldman alimtengenezea filamu nzuri mwaka 1996, alikuwa binti wa imamu wa kijijini. Baba yake alimfundisha Kurani na kumchukua kuimba nyimbo za dini kwenye sherehe, akimvalisha nguo za kiume ili watu wasinung'unike. Ile sauti iliyosimamisha Uarabuni ilitengenezwa madrasani. Waimbaji wetu wengi wa pwani pia, ukiwauliza walijifunzia wapi kushika pumzi na kutamka herufi, watakutajia chuo cha Kurani kabla ya klabu.

Isipokuwa Bi Kidude, ambaye inasimuliwa kwamba alitoroka chuoni ili akamsikilize Siti binti Saad. Na hapa sina budi kujishitaki mwenyewe.

Dokumentari ya Andy Jones, As Old As My Tongue, ilitoka mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya Bi Kidude kupewa tuzo ya WOMEX. Iko hai, inachekesha, inamfuata jukwaani, ngomani na safarini, na bila yake tungekuwa na picha chache sana za yule bibi akiwa katika nguvu zake. Shida iko kwenye kile ambacho sisi sote tulikiokota kutoka filamu hiyo na kutoka kwenye magazeti: sigara, bia, buibui lililovuliwa, bibi mkaidi wa kisiwa cha Kiislamu. Mwaka 2023, ilipotimia miaka kumi tangu afariki, mhariri mmoja aliniomba maneno mia nane juu yake. Unajua nilianzaje? Kwa sigara. Nilimweka moshi kwenye sentensi ya kwanza, ya pili nikaweka dini, na kati yao nikaweka neno "licha ya". Mhariri alifurahi. Bibi yangu alisomewa na binamu yangu, akanipigia simu.

"Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nina miaka mitatu, "huyu uliyemwandika namjua kwa sura, lakini mambo yake umeyapanga kama mtu anayepanga vyombo vya mwenzie."

Nilimuuliza nimekosea wapi. Akasema sijakosea, nimesahau. Nimesahau kwamba Bi Kidude alikuwa mwalimu wa unyago, kwamba wazazi walimkabidhi mabinti zao awafunde, kwamba alijua dawa za miti na alipaka hina, na kwamba mtu hapewi mabinti wa watu katika mji wa Waislamu kama mji huo umemtoa. Alipofariki, Aprili 17, 2013, walimsalia na kumzika kama wanavyozikwa Waislamu wote. Mji uliokuwa ukimsema sana ndio ule ule uliomkabidhi mabinti wake, na kuliandika hilo kunahitaji maneno mengi kuliko "licha ya". Sikuyatafuta. Nilikuwa na sigara, ikatosha.

Baadaye Jones alitengeneza filamu ya pili, I Shot Bi Kidude, ya mwaka 2015, kuhusu zile siku za 2012 zilipovuma habari kuwa mkongwe huyo ametekwa. Jamaa zake walikuwa na lao, waliozoea kumpeleka majukwaani walikuwa na lao, na katikati alikuwa kizee aliyechoka ambaye kila mmoja alisema anamlinda. Naipendekeza kwa yeyote anayetaka kumpiga picha bibi yake. Inatia hofu.

Sasa, najua kuna atakayenijibu: mbona Mali? Ni kweli, na sitaki kuikwepa. Mwaka 2012 makundi yenye silaha yalipoteka kaskazini ya Mali yalipiga marufuku muziki, na They Will Have to Kill Us First ya Johanna Schwartz, ya mwaka 2015, inawafuata wanamuziki waliokimbia, wakiwemo vijana wa Songhoy Blues na marehemu Khaira Arby. Pale mgogoro haukubuniwa na kampuni yoyote. Ulikuja na bunduki juu ya magari. Lakini angalia tena watu waliokimbia: ni Waislamu, wanasema hivyo wenyewe, na wanachokipinga ni wageni kuja kuwafundisha dini ambayo Timbuktu ilikuwa ikiifundisha watu karne nyingi zilizopita. Hata pale ambapo uzio upo na una miiba, mwimbaji hasimami nje ya dini yake.

Iliyonigusa zaidi, na sikutarajia, ni ya kanisani. Amazing Grace. Januari 1972 Aretha Franklin, akiwa tayari malkia wa muziki wa soul, aliingia kwenye kanisa la New Temple Missionary Baptist huko Los Angeles, akaimba nyimbo za injili usiku mbili mfululizo, na James Cleveland na kwaya yake nyuma. Albamu iliyotokana na usiku hizo iliuza kuliko zote alizowahi kutoa. Sydney Pollack aliletwa apige filamu, na kwa uzembe ambao fundi yeyote wa video za harusi hapa Kariakoo asingeufanya, hawakutumia kibao cha kuanzishia picha, ikawa haiwezekani kuoanisha picha na sauti. Mikanda ikakaa stoo miaka zaidi ya thelathini. Teknolojia ya kompyuta ndiyo iliyokuja kuiokoa, mikononi mwa Alan Elliott.

Filamu hiyo haina mahojiano. Hakuna mtaalamu anayekuja kukueleza maana ya unachokiona. Aretha mwenyewe karibu haongei kabisa. Anaimba, anatoka jasho, na usiku wa pili baba yake, Mchungaji C. L. Franklin, anaingia, anaketi mstari wa mbele, na baadaye anasimama kumfuta binti yake uso kwa kitambaa huku akiwa bado kwenye piano. Mchungaji huyo anasema mbele ya watu kwamba binti yake hakuwahi kuondoka kanisani. Alikuwa na miaka kumi na sita hivi ya kuulizwa swali hilo hilo, tangu alipoanza kurekodi injili akiwa msichana wa miaka kumi na minne Detroit hadi alipohamia nyimbo za mapenzi, na jibu la baba ni hilo moja. Kisha anaketi. Mwanamuziki, imani, na utamaduni wa watu weusi wa Marekani, vyote viko kwenye kile kitambaa, na hakuna aliyeuliza mgogoro uko wapi.

Niliangalia sehemu ile mara tatu. Ndipo nikakumbuka jambo nililokuwa nikilijua na nimelisukuma pembeni: Aretha hakutaka tuione. Alipokuwa hai alikwenda mahakamani kuizuia. Mwaka 2015 ilikuwa ionyeshwe Telluride, akaizuia. Alifariki Agosti 2018, familia ikakubali, na Novemba mwaka huo huo ikaonyeshwa. Sababu zake hakuzieleza kwa kirefu. Watu wamebashiri mengi, fedha, sura, uchungu wa kazi iliyoharibika. Mimi naona hakudaiwa kueleza. Lakini mimi ni nani, nimeshaiangalia mara tatu, na ukiniuliza kama ningetamani isingetoka nitakwambia hapana, na nitakuwa nasema kweli, na nitakuwa naona aibu.

Kwa nini naona aibu? Kwa sababu ya sanduku.

Nyumbani kwa bibi, chini ya kitanda, kuna sanduku la bati lenye kaseti thelathini na kitu. Zilirekodiwa kwenye maharusi, miaka ya sabini na themanini, na radio kaseti iliyowekwa juu ya kiti. Nilizisikia nikiwa mtoto? Hapana. Bibi alilifunga sanduku mwaka 1994, aliporudi hija, kabla sijazaliwa. Mama yangu anasema kwenye mojawapo bibi anaimba mpaka mpiga fidla anakosea kwa kushangaa, na unasikia watu wanacheka. Nimeishi maisha yangu yote nikiitaka kaseti hiyo. Andiko langu la kurasa nne, ukilikamua maji yote ya kitaalamu niliyotia, lilikuwa ni namna ya kuifikia.

Kaseti hazina maisha marefu kwenye joto la Tanga. Utepe unanata, unaota ukungu, siku moja unauweka kwenye mashine unakatika. Bibi naye hazidi kuwa kijana. Siku moja, na hili naliandika huku nikimwomba Mungu aichelewesha siku hiyo, funguo zitaangukia kwangu, na sitakuwa na wa kunizuia. Nitakuwa kama ile familia ya Aretha. Nitakuwa na sababu nzuri: kumbukumbu, historia, utamaduni wa pwani, wanawake waliosahauliwa. Zote ni za kweli. Nimeshaziandika kwenye kurasa nne.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilipanda basi la asubuhi. Nilimkuta barazani anachambua mchicha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja na maswali au umekuja kula?"

Nikamwambia vyote viwili. Nikamweleza habari ya kampuni, na lile swali lao. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu kwa mdomo wazi, nani alimkataza kuimba.

Alinitazama kama mtu anayeulizwa nani alimkataza kuota mkia. "Nani angeweza?"

Akasema babu alikuwa akimpeleka mwenyewe kwenye maharusi kwa baiskeli. Shehe wa mtaa alikuwa akiwaomba beti. Kule Makka aliomba jambo, akaahidi jambo, na aliyemwahidi anamjua. "Nikikwambia wewe, utaliandika," akasema, "na si lako." Nikamuuliza kama alijuta kuimba. Hapana. Alijuta kuacha? Siku nyingine, wakati wa harusi, akisikia spika za watu mbali. Basi anavuta mto anageukia ukutani, na asubuhi imepita. Alisema haya akiendelea kutoa vijiti kwenye mchicha, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nazi.

"Sasa kaseti bibi, mbona hukuzitupa?"

"Nizitupe zina kosa gani? Mpiga fidla wetu yumo mle. Wenzangu watatu wamo mle, wote wamekufa. Nitawatupaje?"

Nimeangalia dokumentari nyingi na sijawahi kuona hata moja yenye nafasi ya jibu hilo. Mtu ameacha muziki kwa imani yake, hakulazimishwa, hauchukii, haukani, anaukumbuka, anaulinda, na hataki kuurudia. Ukimweka kwenye filamu ya ukombozi hatoshi, maana hakufungwa. Ya toba nayo haimfai, maana hadhani alikosea. Mwongozaji mvivu atamwona hana hadithi. Mimi mjukuu wake, nimekaa pale na sinia la mchicha mapajani, nilikuwa naona hadithi iliyo kubwa kuliko zote nne nilizozitazama, na nikaona pia kwamba nikimuwekea kamera usoni wakati ule ingekuwa imekwisha.

Nilimuuliza anachokubali. Alifikiri mpaka chai ikaiva. Sauti, ndiyo, sura, hapana. Nimrekodi akisoma maulidi, mfungo sita ukija, na wenzake wakiridhia, kila mmoja kwa mdomo wake, si mmoja awasemee wote. Mjomba asiguswe wala asitajwe jina ("na mchele?" nikauliza, "mchele utaje," akasema). Kuhusu sanduku, kaseti moja atanipa ninakili, ya kuchagua yeye, na kwa sharti kwamba isichezwe popote akiwa hai. Akishakufa, je? Akasema akishakufa atakuwa na maswali mengine ya kujibu, ya kaseti nijibu mimi.

Nimewaandikia wale wa kampuni, kistaarabu kama wao, nikawaeleza masharti hayo na kwamba mgogoro nimeutafuta sikuupata mahali walipouelekeza. Bado hawajajibu. Mwenye nyumba yeye alishajibu, jana usiku, kwa kugonga.

Jumapili ijayo narudi Tanga. Tunafungua sanduku tuone kama panya hawajatutangulia. Bibi amepiga simu leo asubuhi kuuliza kinasa sauti changu kinatumia betri za aina gani, maana kuna duka Ngamiani wanaziuza rahisi, na hataki nije nimwambie katikati ya kisimamo kwamba moto umeisha.